Zinakozaliwa seli za mfupa na seli za kinga

Ndugu wakufunzi, wataalamu wenzetu wa maabara, na ninyi wanafunzi mnaokaribia kwenda wodini, karibuni.

Mada yetu ni uloto, ambao baadhi yenu mmeuzoea kwa jina la uboho. Mgonjwa akivutwa uloto, mara nyingi kinachotafutwa ni saratani ya damu, chanzo cha upungufu wa damu usioeleweka, au vimelea vya kala-azar. Slaidi ikishasomwa na majibu kuandikwa, watu huhesabu kazi imekwisha. Leo tunaomba tukae na uloto huo muda mrefu zaidi, kwa sababu humo ndimo huzaliwa seli zinazojenga mfupa, seli zinazoula mfupa, na karibu seli zote za kinga ya mwili.

Hoja yetu ni moja. Seli inayojenga mfupa na seli inayoula mfupa si za ukoo mmoja. Mlaji wa mfupa ni ndugu wa seli za kinga, na mjenzi ni wa ukoo mwingine kabisa. Asiyelishika hilo atakosea kusoma chupa zake maabara, na atashindwa kueleza kwa nini mgonjwa wa kinga anaharibika mifupa, au kwa nini mtoto mwenye mifupa migumu kupita kiasi anakosa damu.

Tuanze na mahali penyewe. Mtoto mchanga ana uloto mwekundu karibu katika kila mfupa. Anavyokua, ule wa mikono na miguu hugeuka wa njano, yaani mafuta. Mtu mzima hubakiwa na mwekundu kwenye nyonga, pingili za uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu, na sehemu za juu za mfupa wa paja na wa mkono. Ndiyo maana sindano ya mtu mzima huingizwa nyonga kwa nyuma wala si kwenye muundi.

Ndani ya uloto huo kuna seli shina za aina mbili. Za kwanza ni seli shina za damu. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walizithibitisha mwaka 1961: waliwapiga panya mionzi hadi uloto wao ukafa, wakawadunga uloto wa panya wazima, wakaona vinundu vikiota kwenye wengu. Baadaye ilithibitishwa kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja. Aina ya pili ni seli shina za mesenkaima, yaani zinazoweza kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Alexander Friedenstein na wenzake walizionyesha huko Moscow, kuanzia miaka ya 1960, kwa kuotesha uloto kwenye vyombo vya maabara: seli chache ziling'ang'ania chini, zikatanda makoloni, na zikipandikizwa mwilini mwa mnyama zilijenga mfupa. Jambo la ajabu ni kwamba mfupa ule mpya ulipata uloto wake ndani, na damu ya uloto huo ilikuwa ya mnyama aliyepandikizwa. Yaani seli za Friedenstein zilijenga nyumba, wapangaji wakaja wenyewe.

Zote mbili ni adimu. Katika seli zenye kiini zilizomo kwenye uloto, seli shina ya kweli ya mojawapo ya koo hizi ni takribani moja kati ya 10,000 hadi 100,000. Kwa hiyo ubora wa sampuli huamua kila kitu kinachofuata, na hapo ndipo watu wengi hupoteza mchezo kabla haujaanza. Mililita 1 au 2 za kwanza kutoka tundu moja ndizo zenye utajiri. Ukiendelea kuvuta hapo hapo hadi mililita 10, unachopata ni damu ya mishipa iliyojipenyeza, na makoloni yako yatakuwa machache hata kama bomba limejaa. Anayehitaji zaidi asogeze ncha ya sindano, avute tena kidogo. Bomba liwe na heparini, ya kuzuia damu isigande, tangu mwanzo, ligeuzwe geuzwe taratibu, na sampuli ishughulikiwe siku hiyo hiyo. Na isisahaulike kwamba hii ni damu ya binadamu: glovu, kabati la usalama la daraja la pili, na ridhaa ya maandishi ya mtoaji.

Kutenganisha kunafanywa hivi. Changanya uloto na maji chumvi ya fosfeti kiasi kwa kiasi. Kwenye tyubu ya mililita 50 weka mililita 15 za Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli, yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, kisha mimina mililita 30 za mchanganyiko wako juu yake, taratibu sana, ukiinamisha tyubu. Zungusha kwa nguvu ya 400 g kwa dakika 30, kwenye joto la chumba, breki ya mashine ikiwa imezimwa. Breki ikiwaka, tyubu husimama ghafla na wingu jeupe ulilolingoja linavurugika. Ficoll ikitoka moja kwa moja kwenye friji, uzito wake huwa umebadilika na seli nyekundu hubaki zimechanganyika na nyeupe. Nyonya wingu lile kwa pipeti, lioshe mara mbili kwa 300 g, dakika 10 kila mara, uhesabu.

Kuanzia hapo koo mbili zinaachana njia. Zile za mesenkaima hushika plastiki na zile za damu kwa sehemu kubwa huelea. Panda seli 100,000 hadi 200,000 kwa kila sentimita mraba kwenye midia, yaani maji ya lishe ya seli, ya alpha-MEM yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama, nyuzi 37, hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Usiiguse chupa kwa siku mbili au tatu. Kisha mwaga zinazoelea, weka midia mpya. Siku ya tano hadi ya saba utaona makoloni ya seli ndefu nyembamba, na ndani ya wiki mbili hivi chupa inakaribia kujaa. Zivune zikifika asilimia 70 au 80. Zikijazana kabisa zinaanza kuchagua njia zenyewe bila idhini yako.

Tahadhari moja: kushika plastiki si cheti cha ukoo. Makrofaji, ambazo ni seli za kinga, nazo hushika plastiki, tena kwa ukaidi zaidi. Ukaidi huo unakusaidia. Weka tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, kwa dakika 3 hadi 5 tu, gonga chupa taratibu, chukua zilizobanduka, ziache zilizogoma. Baada ya kuvuna mara mbili au tatu makrofaji huwa zimebaki chache sana. Kuhakikisha, pima alama za juu ya seli. Vigezo vilivyowekwa mwaka 2006 na Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli vinataka angalau asilimia 95 ya seli ziwe na CD73, CD90 na CD105, na zisizidi asilimia 2 zenye alama za ukoo wa damu kama CD45, CD34, CD14 na CD19. Tena vinataka seli hizo ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Ukiona CD14 asilimia 8, huna seli za mesenkaima bado, una mchanganyiko.

Sasa kujenga mfupa. Dawa za kuielekeza seli kwenye mfupa ni tatu, na kila moja ina kazi yake. Deksamethazoni nanomola 100 huamsha jeni za njia hiyo, ikiwemo RUNX2 ambayo ndiyo swichi kuu. Vitamini C, maikrogramu 50 kwa mililita, inahitajika ili kolajeni isukwe sawasawa. Ni kisa kile kile cha kiseyeye: bila vitamini C kolajeni haishikamani, na pasipo kolajeni madini hayana pa kukaa. Ya tatu ni beta-gliserofosfeti, milimola 10, ambayo kimeng'enya cha fosfataizi alkali huikata na kutoa fosfeti ya kutengenezea madini.

Deksamethazoni: pima miligramu 3.9, yeyusha kwenye mililita 10 za ethanoli, utapata akiba ya milimola 1. Maikrolita 50 za akiba hiyo kwenye midia mililita 500 zinakupa nanomola 100. Usiongeze kwa kudhani utaharakisha, maana dawa hiyo hiyo hutumika kutengeneza seli za mafuta, na ikizidi utaona matone yanayong'aa ndani ya seli badala ya mfupa. Vitamini C ya kawaida huharibika upesi kwenye nyuzi 37, hivyo ama uiongeze kila unapobadili midia, ama utumie ile iliyofungwa na fosfeti, ambayo hudumu.

Beta-gliserofosfeti ndiyo inayoharibu kazi nyingi kimyakimya. Chupa ya dawa hiyo huuzwa ikiwa kavu au ikiwa imebeba maji ndani ya fuwele zake. Ile isiyo na maji unahitaji gramu 2.16 kwa lita ili ufike milimola 10. Yenye molekuli tano za maji unahitaji gramu 3.06. Fundi akifuata karatasi ya zamani iliyoandikwa 3.06 huku kopo jipya ni kavu, anapata milimola 14. Kwenye kiwango cha juu kiasi hicho chumvi za kalsiamu na fosfeti zinaweza kujinyesha zenyewe chini ya chombo. Rangi ya Alizarini, inayotumika kuonyesha kalsiamu, itashika pale, chombo chote kitakuwa chekundu, kila mtu atapongezana, na hakuna hata seli moja iliyojenga mfupa.

Kwa hiyo hakuna jaribio la Alizarini bila vishimo viwili vya kulinganishia: kimoja chenye seli ndani ya midia ya kawaida, kingine chenye midia ya mfupa lakini bila seli. Cha pili kikiwa chekundu, tupa matokeo yote. Badili midia kila siku 3 au 4 kwa siku 21. Fosfataizi alkali hupanda kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hushuka madini yanapoanza kukaa, hivyo aliyeipima siku ya 21 peke yake akasema seli zimeshindwa, amepima siku isiyofaa. Siku ya mwisho osha, gandisha kwa formalini, osha kwa maji yaliyotoneshwa, weka Alizarini asilimia 2 yenye pH kati ya 4.1 na 4.3. pH ikitoka nje ya hapo rangi hushika kila kitu au haishiki kitu.

Wiki ya tatu ina msiba wake: zulia la seli linajikunja kuanzia ukingoni na kubanduka kama ngozi. Mara nyingi ni kwa sababu zilipandwa nyingi mno, au midia ilimwagwa kwa nguvu katikati ya kishimo. Mimina ukielekeza pipeti ukutani, na usinyonye midia yote hadi tone la mwisho.

Mwilini, seli mjenzi hutandika kolajeni kwanza na madini hufuata baada ya siku kadhaa. Akimaliza kazi, wajenzi wengi hufa, wachache hulala juu ya mfupa, na wengine hufukiwa ndani ya mfupa walioujenga wakawa osteositi. Hao waliofukiwa ndio zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa, na ndio wanaohisi uzito unapotembea.

Mlaji, osteoklasti, anatoka upande wa pili: seli shina ya damu, kisha ukoo wa monositi, kule kule zinakotoka makrofaji. Monositi zenye CD14 zikipewa protini mbili za kutoa ishara, M-CSF nanogramu 25 kwa mililita na RANKL nanogramu 50, kwa siku 7 hadi 14 zinaungana na kuwa seli kubwa yenye viini vitatu au zaidi. M-CSF ikikosekana, zinakufa. Ikiwepo yenyewe bila RANKL, unapata makrofaji. Na RANKL hiyo mwilini hutolewa na nani? Na seli za ukoo wa mfupa, hasa osteositi, pamoja na seli T za kinga zinapochokozwa. Mjenzi ndiye anayemwita mlaji. Seli T zikiwa na vita ya muda mrefu kwenye kiungo, kama kwenye baridi yabisi, nazo humwita, na ndipo mfupa wa kidole unapoonekana umetafunwa kwenye picha ya eksirei.

Ukizikuza, usiridhike na rangi ya TRAP, kimeng'enya cha mlaji wa mfupa, peke yake, maana makrofaji nazo huweza kuipokea. Ziweke juu ya kipande chembamba cha mfupa wa ng'ombe uone kama zinachimba mashimo. Zichunguze kila siku kuanzia siku ya 7. Osteoklasti hufika kilele kisha hufa ndani ya siku mbili tatu, na aliyeondoka Ijumaa akirudi Jumatatu anaweza kukuta vivuli tu.

Ushahidi mkubwa wa undugu huu unatoka kwa watoto wenye osteopetrosisi. Mlaji wao hafanyi kazi, mara nyingi kwa kasoro ya jeni TCIRG1 inayohusika na pampu ya asidi. Mfupa unajengwa lakini haumomonyolewi, nafasi ya uloto inazibwa, mtoto anapungukiwa damu, anashambuliwa na maambukizi, ini na wengu vinavimba kwa kubeba kazi ya uloto, na mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa hadi anapofuka. Donald Walker alionyesha kwa panya, katika miaka ya 1970, kwamba uloto mzima huponya ugonjwa huu. Mwaka 1980 iliripotiwa kwa mtoto. Unapandikiza damu, unapona mfupa! Lakini kuna watoto wachache ambao kasoro yao iko kwenye jeni ya RANKL yenyewe. Hao hawaponi kwa uloto mpya, kwa sababu mlaji aliyepandikizwa ni mzima ila hana wa kumwita, kwani wa kumwita ni wa ukoo wa mjenzi, na ukoo huo haukubadilishwa. Tunawaomba wanafunzi mkirudie kisa hiki mpaka mkieleze bila karatasi.

Tukija kwenye kinga yenyewe, neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na maambukizi kwanza, hatutakaa nazo sana. Uloto wa mtu mzima hutoa takribani bilioni 100 kwa siku, na kila moja huchukua wiki moja hadi mbili kutoka seli changa hadi kukomaa. Ndiyo maana dawa ya saratani ikigonga uloto leo, hatari ya homa huja siku kadhaa baadaye na si kesho yake.

Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zinastahili muda zaidi, kwa kuwa karibu elimu yao yote ya mwanzo hupatikana ndani ya uloto. Kila seli B hujitengenezea kipokezi chake kwa kukata na kuunganisha vipande vya jeni, jambo ambalo Susumu Tonegawa alilifumbua na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Vimeng'enya RAG1 na RAG2 hukata. Kwenye kromosomu ya 14 kipande D huungana na J kwanza, kisha V huja kuungana nao. Maungio hayo hayana usahihi, na takribani mara mbili kati ya tatu msomo wa jeni huvurugika. Seli ina nafasi ya pili kwenye kromosomu pacha. Ikishindwa, inakufa. Ikifaulu, inahojiwa tena: je, kipokezi chako kinashika vitu vya mwili wenyewe? Kinachoshika hubadilishwa au seli inauawa. Uloto una hasara kubwa kila siku, na hasara hiyo ndiyo bei ya usalama.

RAG ikikosekana, hakuna B wala T. BTK, kimeng'enya cha kukomaza seli B, ikikosekana, seli B hukwama katikati, na mvulana anaonekana mzima hadi kingamwili za mama zinapokwisha, karibu miezi sita, ndipo masikio na mapafu yanaanza kuugua mfululizo. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza: chanjo ya BCG hutolewa mtoto anapozaliwa na ni ya bakteria hai. Mtoto asiye na seli T anaweza kuenezwa mwili mzima na bakteria hao. Jipu la BCG lisilopona, matezi, na mtoto asiyeongezeka uzito, viwafanye muombe hesabu ya limfositi, yaani seli kama B na T, kabla ya kurudia dawa za kifua kikuu.

Seli T zenyewe huondoka uloto zikiwa changa, zikasomee kwenye tezi thaimasi. Kuhusu seli T, hayo yanatosha kwa leo.

Kinachozishikilia seli shina za damu ndani ya uloto ni ukoo ule wa mesenkaima, unaotoa protini ya kuvuta seli iitwayo CXCL12, na seli shina hukamata kwa mkono unaoitwa CXCR4. Mtoaji wa seli akidungwa G-CSF, dawa ya kuchochea uloto, maikrogramu 10 kwa kilo kwa siku 4 au 5, mshiko huo hulegea, seli zinamwagika kwenye damu, na zinakusanywa kwa mashine bila kutoboa nyonga.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo haya si ya vitabuni tu. Baada ya upandikizaji, neutrofili hurudi wiki ya pili hadi ya nne, seli B baada ya miezi, seli T huweza kuchukua mwaka na zaidi. Chanjo zisizo hai hurudiwa tangu mwanzo, na zilizo hai, kama ya surua, husubiri angalau miezi 24, na hata hapo kama mgonjwa hatumii dawa za kushusha kinga.

Na kwa watu wa maabara: mgonjwa huyo sasa ana damu ya mtoaji, neutrofili za mtoaji, osteoklasti za mtoaji, lakini wajenzi wake wa mfupa kwa sehemu kubwa ni wake mwenyewe. Mkiletewa ombi la kupima jeni alizozaliwa nazo, msitumie damu. Usufi wa shavuni nao hudanganya, kwa kuwa umejaa seli nyeupe za mtoaji zilizotoka kwenye mate. Ombeni kipande kidogo cha ngozi, muoteshe seli zake kwenye chupa, mvune mara mbili, ndipo mtoe DNA.